Video za kufundisha wazazi lugha ya mtoto: uzoefu wangu kliniki za Kigoma

Ninazitumia video fupi za malezi kwenye kliniki za mama na mtoto Kigoma Ujiji na vijiji vya jirani, zile zinazomwonyesha mzazi akizungumza na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Kwa kuanzishia mazoezi ni nzuri sana. Zikiachwa zifanye kazi peke yake hazina faida: TV inawaka ukutani, akina mama wanasubiri zamu ya mizani, wanatazama, wanacheka, wanaondoka.

Kundi lisizidi wazazi kumi, kila mmoja na mtoto wake mapajani. Weka kipande cha dakika mbili au tatu chenye tendo moja tu: mtoto ananyoosha kidole, mama anamtazama, anakitaja kile kitu, kisha ananyamaza. Simamisha hapo hapo kabla mtoto hajajibu, uwaulize mama yule anasubiri nini. Rudia kipande mara moja, halafu zima kabisa. Dakika kumi zinazofuata ni za wazazi na watoto wao, wewe ukipita kusikiliza mmoja mmoja.

Utakachosikia zaidi ni haraka. Mama anauliza "hii nini?" na kujijibu papo hapo. Mwambie ahesabu moyoni hadi tano, maana mtoto wa mwaka mmoja huchukua muda kusikia, kuelewa na kutafuta sauti. Wengine humfanyia mtoto mtihani: sema baba, sema dada. Afadhali mama aongezee alichokisema mtoto mwenyewe. Akisema "maji", amjibu "eeh, maji ya baridi".

Video nyingi zimepigwa sebuleni, penye zulia na midoli, kwa Kiswahili cha Dar es Salaam. Mama wa Kasulu anayeongea Kiha nyumbani anaweza kuondoka akidhani Kiha kinamharibu mwanawe. Mweleze wazi kwamba aongee lugha anayoimudu, na kwamba lugha mbili nyumbani hazimcheleweshi mtoto kusema. Mimi huzima sauti na kumwomba mhudumu wa afya wa kijiji asimulie kwa Kiha, picha inajitosheleza. Midoli nayo si lazima. Anayeanika dagaa Kibirizi ana maneno tele mkononi: mbichi, kavu, geuza, jua kali.

Kinachonikera ni zinapotumwa WhatsApp. Zinaishia kwa mtoto, apewe simu atulie! Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haupendekezi skrini kabisa kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja wala wa mwaka mmoja, na wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku. Video hizi ni za mzazi. Liseme hilo kabla ya kumtumia mtu yeyote.

Upande wa vifaa, ubora wa picha wa 480p unatosha, na dakika tatu huwa takriban MB 20, hivyo bando haliumii. Baadhi ya TV za zamani hazifungui H.265 (mfumo mpya zaidi wa kubana video), badilisha faili ziwe MP4 za H.264, mfumo wa zamani zaidi, na flashi ifomatiwe kwa FAT32. Beba spika ya kuchaji, maana mvua ikipiga bati, sauti ya TV haisikiki.

Pungufu kubwa ni kwamba karibu zote nilizopata hazisemi lini mzazi atafute msaada. Mimi huuliza siku za chanjo ya surua na rubela. Miezi 9: anageukia sauti, anatoa "bababa"? Miezi 18: ana maneno machache, anaonyesha kwa kidole? Akifika miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili, au amewahi kutoka usaha masikioni, kuugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali ya kupoteza fahamu, usimpe mzazi video nyingine. Mwandikie rufaa mtoto apimwe usikivu kwanza.