TAHADHARI: Celica "GT-Four" inayouzwa Dar kama gari la kufufua si GT-Four

Wadau wa magari ya zamani, kama umetumiwa picha za Celica nyeupe ya 1991 iliyojaa vumbi, imeegeshwa chini ya mwembe, boneti ina tundu la hewa, na maelezo yanasema "injini nzima, inahitaji turbo tu", usitume hela. Gari hilo si GT-Four, yaani ile Toyota Celica yenye turbo inayovuta kwa magurudumu yote manne. Nimeingia chini yake na tochi, na ninayoyaandika hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Mimi ni fundi, na injini za turbo za Toyota ndizo zinazonilisha. Kijana mmoja aliniomba nikamkagulie baada ya kulipa advansi ya shilingi milioni mbili. Alikuwa ameambiwa kwamba ni ST185 (namba ya modeli ya GT-Four ya miaka ile) halisi, tena toleo maalumu lenye jina la dereva wa mbio Carlos Sainz, mali ya marehemu baba wa muuzaji, na kwamba kuna mtu wa Nairobi anakuja na lori kesho yake kuibeba. Hela ilitumwa kwa simu, na jina lililotokea kwenye muamala halikuwa la huyo muuzaji. Simtaji hapa kwa sababu kijana ameshakwenda polisi na ana RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Lakini tangazo limerudi: bei imeshushwa, picha ni zilezile, namba ya simu ni mpya. Ndiyo maana naandika leo.

Waliokua Afrika Mashariki miaka ile hawahitaji kuelezwa Celica hii ni nini. Mwaka 1992 Carlos Sainz alishinda Safari Rally na ST185. Mwaka 1993 akashinda Juha Kankkunen, na Toyota ikazoa nafasi zote nne za kwanza. Mwaka 1994 ikawa zamu ya Mkenya Ian Duncan, na 1995 Yoshio Fujimoto. Miaka minne mfululizo kwenye tope na mawe ya Kenya! Na ili lile toleo maalumu likubalike kwenye mashindano ya Kundi A, yaani ya magari yanayotokana na yale ya kuuzwa kwa watu, Toyota ililazimika kuyatengeneza magari 5,000, ndiyo hayo watu wanayoyaita Carlos Sainz. Dunia nzima 5,000 tu. Kwa hiyo hata bodi iliyooza ina bei yake, na palipo na bei ya namna hiyo waghushi hawakosekani.

Wanaghushi kwa kutumia ndugu yake. Celica za kizazi hicho zilizo nyingi ni za kawaida, kama ST182, zenye injini ya 3S-FE au 3S-GE isiyo na turbo, na zinavuta kwa magurudumu ya mbele peke yake. GT-Four ina injini ya 3S-GTE ya cc 1998, turbo ya CT26, na inavuta magurudumu yote manne muda wote. Badilisha boneti, bandika nembo, halafu acha vumbi lifanye kazi iliyobaki.

Vumbi hilo ndilo mtego wenyewe. Anayenunua gari linalotembea ataliwasha, atalisikiliza, ataliendesha. Anayenunua gari la kufufua ameshasamehe kila kitu kabla hajafika: haliwaki, sawa, halina betri, sawa, vitu vingine vimefunguliwa, sawa. Anauliza limechakaa kiasi gani, hajauliza ni gari gani.

Nilipoingia chini ya hilo la mwembeni, sikukuta propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) wala difu ya nyuma. Muuzaji akasema vimefunguliwa, viko kwa fundi wake. Vikifunguliwa, mahali pake hubaki: vishikizo vya difu huonekana, na boliti zake huacha alama. Pale palikuwa patupu, hapajawahi kufungwa kitu. Kwenye chumba cha injini kulikuwa na kibati kilichoandikwa ST185, riveti zake zinang'aa huku kila kilichokizunguka kimeshika kutu. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bati linalotenganisha injini na kabini ilikuwa imezibwa kwa puti na kupakwa rangi juu. Nilikwangua kwa ncha ya bisibisi mbele ya wote wawili. Ikatokea ST182.

Kadi ya gari tulionyeshwa kwenye picha ya simu tu, kidole kimekaa juu ya mstari wa chasisi.

Kilichonikera zaidi ni injini. Ni 3S-GE iliyotundikiwa CT26 chakavu, bila hata bomba la kuipelekea oili. Fikiria kijana angeamini ile "turbo tu", akaagiza turbo nzuri kwa hela aliyodunduliza, akaifunga. 3S-GE ya wakati ule ina mgandamizo wa karibu 10 kwa 1, ilhali 3S-GTE ya ST185 imeshushwa hadi 8.8 kwa 1 na ina vijitundu vya kurushia oili chini ya pistoni ili zipoe. Ukiisukumia hewa ya turbo injini isiyoandaliwa hivyo, itagonga, na pistoni zitatoboka. Hasara ya pili ingekuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Lile neno la Carlos Sainz nalo ni uongo unaopimika. Toleo hilo lina intakula (kipozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo) inayopozwa kwa maji, yenye pampu na rejeta yake ndogo. ST185 ya kawaida ina intakula ya hewa inayokaa juu ya injini, chini ya lile tundu la boneti. Hapa palikuwa na stika, na chini ya boneti hapakuwa na intakula ya aina yoyote.

Kuhusu "gari la marehemu baba": gari la marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe barua ya uteuzi. Akianza kukueleza habari za ndugu walioko Ulaya, ondoka. Na kadi iwe halisi, mkononi mwako, chasisi yake mkaihakiki pamoja TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla ya shilingi ya kwanza.

Hata ukipata ST185 ya kweli, usikubali neno "turbo tu" kirahisi. Nyumba ya CT26 upande wa ekzosi hupasuka kwa umri na joto, na turbo iliyokufa kwa kukosa oili mara nyingi inakwambia beringi za krankishafti nazo zimeguswa. Zungusha injini kwa mkono kwa spana. Ikigoma, bei ibadilike au muagane.

Waliokwisha kumtumia huyu bwana hela, msifute meseji wala risiti za muamala, hata kama aliwarudishia kidogo kuwatuliza. Nendeni mkachukue RB. Malalamiko ya mtu mmoja anayageuza kuwa "tunadaiana tu". Yakiwa mengi, yenye picha zilezile za gari lilelile, hana pa kujifichia.

Na yeyote mwenye shaka na Celica anayotaka kuinunua, anipigie picha tatu: kibati, namba iliyogongwa kwenye bati, na chini kwa nyuma kati ya magurudumu. Anitumie kabla ya advansi. Sitozi kitu.