Vishikio vya funguo vya mafuvu na majoka: tazama kipete kabla ya sura

Joka lilibaki mkononi mwangu, funguo ndizo zilizokwenda. Nilikuwa nimelitundika kwenye zipu ya mkoba, funguo nne zikining'inia chini yake. Usiku huo nilipofika mlangoni nikatia mkono, nikalitoa likiwa zima: mabawa yamekunjuliwa, macho mekundu, magamba yote mahali pake. Chini ya mkia, pale palipokuwa na mnyororo, kilibaki kipete kimoja chembamba kilichoachama kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Funguo sikuziona tena. Nililala kwa jirani, asubuhi nikamwita fundi abadilishe kitasa.

Lile joka nililisaka miezi miwili. Nilisoma maoni ya wanunuzi, nikalinganisha picha, nikauliza urefu na uzito, nikahakikisha rangi haibanduki. Katika maoni yote yale hakuna hata mtu mmoja aliyetaja kipete. Nilipoandika kuhusu mkasa huo, wasomaji wakaanza kunitumia yao: fuvu lililoanguka ngazini likaacha kitanzi tu, popo aliyepotelea ndani ya basi, zimwi la mpira lililochanika shingo kwa sababu pete yake ilikuwa na ncha kali. Mimi nakusanya vishikio hivi kwa mwaka wa tisa sasa, ninavyo 140 na ushee. Nikavitoa vyote, nikaketi navyo mezani jioni tatu mfululizo, nikakagua kipete kimoja baada ya kingine. Mpangilio wangu wa vishikio hapa chini, kuanzia ninachokiamini zaidi, umetokana na jioni hizo tatu.

Kuhusu sura sina la kukuambia. Kinachokutisha au kukupendeza unakijua mwenyewe.

Kipete ndicho kila kitu

Chukua kishikio chochote ulichonacho. Kuna pete kubwa ya kutilia funguo, kuna mnyororo, kuna sanamu. Kati ya hivyo vitatu kuna vipete vidogo vya kuunganishia, na kila kimoja ni kipande cha waya kilichokunjwa mpaka ncha zake mbili zikakutana. Zimekutana tu, hazijashikana. Hapo ndipo mlango ulipo.

Sasa fikiria maumbo tunayoyapenda. Moyo au mpira hauna pa kunasia. Joka lina mabawa, pembe na mkia. Mchawi ana kofia na fagio, shujaa wa ngano ana upanga. Kila ncha ni ndoano. Inanasa kwenye bitana ya mkoba au kwenye uzi wa sweta, nawe unavuta huku unaangalia kwingine, na sanamu inajipinda. Kipete cha namna hii huweza kustahimili kuvutwa moja kwa moja. Kusokotwa ndiko kunakokimaliza, kwa sababu kila msokoto unazisogeza zile ncha mbili kando kidogo, leo kidogo, kesho kidogo. Ndiyo maana wapenda mafuvu na majoka tunapoteza zaidi kuliko wanaobeba maua na herufi za majina yao.

Kipimo changu ni uzi wa kushonea. Upitishe ndani ya kipete, ushike ncha zote mbili, uuzungushe taratibu kufuata duara. Kipete kilichochomelewa hakina ufa, uzi utazunguka mpaka urudi ulikoanzia. Kama hakijachomelewa, utausikia unakwama, kisha unateleza na kutoka nje. Ukishautoa uzi kwa namna hiyo, jua funguo zako nazo zitatoka hapo hapo. Unaponunua kwa mtandao, mwombe muuzaji picha ya karibu ya kipete. Waya ulio chini ya unene wa milimita 1 nauogopa kwa sanamu yoyote yenye uzito. Tafuta pia kizungushio, kile kiungo kinachoruhusu mnyororo kujizungusha wenyewe. Kizungushio kikiwepo, msokoto haufiki kwenye kipete.

Ndugu yake kipete ni skrubu yenye kitanzi, ile inayochomekwa kichwani mwa sanamu za plastiki ngumu na za rezini, yaani utomvu unaomiminwa ukaganda. Kila sanamu inapoyumba, skrubu inalegea kidogo. Dawa yake ni nyepesi: ifungue, tia tone la gundi ya epoksi kwenye tundu, irudishe, uiache usiku kucha. Lakini kwa nini nifanye mimi kazi ambayo kiwanda kingeifanya kwa tone moja?

Nafasi ya kwanza: pyuta, na hasa Alchemy

Hapa sifichi mapenzi yangu. Alchemy ni kampuni ya Uingereza iliyoanzishwa Leicester mwaka 1977, na mafuvu, popo, majoka na misalaba ya kigothi ndiyo kazi yao. Wanatumia pyuta, yaani bati lililochanganywa na metali nyingine kidogo ili liwe gumu. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, joto dogo kwa metali, kwa hiyo hutiririka vizuri ndani ya kalibu na kushika kila ufa wa fuvu na kila jino. Uzuri wake mkubwa kwangu ni kwamba kitanzi huweza kumiminwa pamoja na sanamu, kikawa mfupa wa mwili wake. Hakuna skrubu, hakuna tundu la kutoboa.

Fuvu langu la pyuta limekaa mfukoni miaka saba. Paji la uso limesuguliwa na kitambaa mpaka linang'aa kama kijiko, na ndani ya matundu ya macho weusi umezidi kukolea. Kitanzi kiko vile vile. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, nami hili nimekwisha kulijua. Wanaosema bei yao iko juu, ni kweli iko juu, na ningelipa tena.

Upungufu upo. Pyuta ni laini, bawa jembamba likikaliwa litapinda. Pyuta ya zamani ilitiwa risasi, ile metali yenye sumu, kwa hiyo ukinunua vitu vya kale au visivyo na jina la mtengenezaji, hakikisha imeandikwa kwamba haina risasi. Tena ni nzito, na uzito wenyewe si jambo dogo kwa mwenye gari la kuwashwa kwa ufunguo. Mwaka 2014 kampuni ya magari ya General Motors iliyaita magari milioni 2.6 hivi yarudi kurekebishwa kwa sababu swichi ya kuwashia iliweza kuteleza na kuzima injini barabarani, na mifuko ya hewa isifunguke. Uzito wa vitu vilivyoning'inia kwenye ufunguo ulikuwa miongoni mwa vichocheo, na wenye magari waliambiwa watumie ufunguo peke yake bila kitu kingine. Mfuko wa fidia ulikuja kukubali madai ya vifo 124. Tangu nisome hayo, funguo za gari nimezitenga, na mafuvu yanakaa na funguo za nyumba.

Ya pili: vikaragosi vya LEGO

Kwenye vishikio vya LEGO yenyewe, kampuni ya vichezeo vya matofali ya plastiki, kikaragosi hakitenganishwi, na mnyororo umeshikiliwa ndani ya kichwa, haukuchomekwa juu juu. Nimevivuta kwa nguvu zangu zote nikashindwa. Vikaragosi vyao vilianza mwaka 1978, na mzimu wao wa kwanza, ule unaong'aa gizani, ulitoka mwaka 1990. Ila jihadhari na wauzaji wanaochukua kikaragosi cha kawaida, wakakitoboa kichwa na kukitia skrubu, kisha wakakiuza kama kishikio. Hicho kitakuachia kichwa mkononi na mwili utakuwa umekwenda.

Ya tatu: mpira laini

Mizimu ya mpira wa PVC ni myepesi, haikwaruzi simu, haivunjiki, na kwa mtoto ndiyo ningeinunua. Angalia tu kama sehemu ya juu ya kitanzi ina unene wa kutosha, maana hapo ndipo hupasuka.

Kuna jambo moja nililojifunza kwa machozi. Mpira huu umelainishwa kwa kemikali ambazo hazitulii ndani yake, bali huhama taratibu na kuingia kwenye plastiki inayogusana nayo. Niliweka boga la mpira na malaika mweusi wa akriliki, ile plastiki ngumu ya bapa, kwenye kopo moja kiangazi kizima. Nilipofungua, boga lilikuwa limeganda mgongoni mwa malaika, na nilipolibandua likaacha alama ya meno yake yote matatu, imelainika, inanata kwenye kidole kama lami. Haikutoka. Kila cha mpira sasa kina mfuko wake wa karatasi.

Ya nne: akriliki

Michoro mizuri kuliko yote iko kwenye akriliki, kwa kuwa ndiko wasanii wadogo wanakochapishia kazi zao. Ikija ikiwa na ukungu na mikwaruzo, usikimbilie kulalamika: mara nyingi ni karatasi nyembamba ya kinga, iko pande zote mbili, ibandue kwa ukucha. Kasoro ya kweli iko kwenye tundu. Likichongwa karibu mno na ukingo, akriliki itapasuka hapo siku ikianguka sakafuni. Nataka nione angalau milimita 3 za plastiki kati ya tundu na ukingo.

Na hapa nina donge. Mchoro ule ule wa mchawi mwenye paka watatu nimeukuta kwa wauzaji watano tofauti, jina la msanii limefutwa pembeni, rangi zimefifia kwa kunakiliwa mara nyingi. Msanii aliukeshea mchoro huo, wao wameupakua kwa dakika moja. Nunua kwa aliyeuchora. Na yeye ukimwomba abadilishe kipete atabadilisha, nimewaomba wasanii wanne na wote wanne walikubali.

Ya tano: rezini

Nzuri sana kwa macho. Vipande vya maua makavu ndani ya jeneza dogo, mbalamwezi ndani ya jicho la joka, nani asiyetamani? Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Skrubu inalegea, bawa jembamba linakatika, na ile rezini angavu hugeuka manjano ikikaa juani. Nunua ya kuweka kabatini.

Vya bei ya chini

Vya zinki vilivyochovywa rangi ya fedha, vinavyouzwa kumi kwa pakiti: mchovyo unabanduka, kipete ni kile kile cha waya mwembamba, na kwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni usivilete nyumbani kabisa.

Vinavyong'aa na vyenye taa

Maandishi “hung'aa gizani” hayakwambii lolote. Uliza hung'aa kwa kitu gani. Salfaidi ya zinki, ile ya zamani, hufifia baada ya muda mfupi. Strontiamu aluminati, iliyoletwa na kampuni ya Kijapani ya Nemoto mwaka 1993, hung'aa kwa saa nyingi. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo anauza ile ya kwanza, ndivyo nilivyokuta kila mara.

Mafuvu yenye macho ya taa za LED hutumia betri za saa, mara nyingi LR41. Betri hizi zikimezwa na mtoto huweza kumchoma koo kwa ndani katika muda wa saa mbili. Marekani ilitunga sheria ya Reese mwaka 2022 ikilazimisha mfuniko wa betri ufungwe imara, kwa mfano kwa skrubu, usifunguliwe na mtoto. Kama mfuniko unafunguka kwa ukucha, kirudishe, hata kama macho yanawaka kwa uzuri gani.

Kuhusu wauzaji

Kwanza, visanduku vya kubahatisha, ambamo hujui utapata zimwi lipi mpaka ufungue. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa bei ya mbuzi mnono. Nimepata mzimu mmoja mara tatu nikitafuta popo. Halafu bei za Oktoba: fuvu lile lile lililokuwa limelala dukani tangu Machi hupandishwa bei Halloween, sikukuu ya mizimu, ikikaribia, na baada ya tarehe 31 linatupwa kwenye kapu la punguzo. Subiri Novemba. Halafu “toleo maalumu” lisilo na namba wala idadi. Maalumu kwa lipi?

Ukishanunua, badilisha vipete mwenyewe. Tafuta pete ya mizunguko miwili, ile ile ya kutilia funguo ila ndogo, milimita 8 au 10. Kipete cha zamani kifungue kwa koleo mbili ndogo, ukisukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma. Usizitanue kushoto na kulia, waya utachoka na kuvunjika. Kazi yenyewe haizidi dakika tano.

Joka langu nimelifanyia hivyo, linaning'inia tena, bila funguo kwa sasa. Muuzaji nilimwandikia mara tatu. Alijibu mara moja, kwamba funguo si sehemu ya bidhaa yake. Nikamtumia picha ya kile kipete kilichoachama. Wiki iliyopita nililitazama tangazo lake: lina picha nane za joka, na hakuna hata moja inayoonyesha chini ya mkia.