Hospitali ya watoto usiku: huduma safi, bili imevimba

Naipa nyota tatu kati ya tano. Jina sitalitaja, lakini ni mojawapo ya zile hospitali binafsi za ghorofa hapa Dar ambazo mtoto akizidiwa usiku ndiko watu wanakokimbilia, na mengi ninayoyasema utayakuta kwenye hospitali nyingi za aina yake. Mimi nauza dawa famasi, Mbagala, kwa hiyo bili ya hospitali huwa naisoma mstari kwa mstari.

Kwa upande wa huduma sina kinyongo. Mwanangu wa miaka 7 alikuwa anachemka, kichwa kinamuuma, chakula hataki. Tulifika kama saa nne usiku. Kabla sijamaliza kuandikisha, muuguzi alishampima joto na uzito, huku anamsemesha habari za shule mpaka akatulia. Vyoo visafi, maji yanatoka.

Shida ilianzia dirishani. "Mama, ni bima au keshi?" Nikasema keshi. Dada wa mapokezi akaniambia watoto wote wenye homa wanaanzia maabara, kwa kifurushi: malaria, FBP (picha kamili ya damu), mkojo, choo na Widal, kipimo cha damu cha taifodi. Jumla 60,000, na daktari hata hajamwona mtoto! Malaria sawa, lazima ipimwe. Lakini Widal ikipimwa mara moja tu haiwezi kukuambia kama taifodi ni ya sasa au ni ya zamani. Cha kuaminika ni kuotesha damu, yaani maabara waiweke waone kama vijidudu vya taifodi vinaota. Watu wangapi nawaona kaunta wamebeba dawa za taifodi kwa karatasi ya Widal peke yake! Inaniuma.

Majibu yakarudi, malaria hakuna. Daktari akamwambia mtoto apanue mdomo, akamulika tochi: mafindofindo yamevimba, mekundu, yana usaha. Kumwona daktari ni 30,000, na hiyo naiona ni halali yake, maana ndiye aliyejua ugonjwa, tena kwa tochi.

Akaandika sindano za ceftriaxone, antibiotiki, za siku tatu na dripu ya paracetamol. Keshia akanipa karatasi ya 178,000. Hebu tazama hiyo dripu: chupa 25,000, kanula (kile kibomba cha kwenye mshipa) 5,000, mpira wake 5,000, kuiweka 10,000. Elfu arobaini na tano za kushusha homa, wakati paracetamol ya maji ya mtoto pale kwetu haifiki 5,000, na mwanangu muda huo amekaa kitandani anakunywa juisi.

Nikarudi chumbani kwa daktari. "Samahani daktari, mtoto anameza na hatapiki. Hatuwezi kutumia za kunywa?" Hakukasirika. Akasema, "Mama, wazazi wengi wasipoona dripu wanasema mtoto hajatibiwa." Akazifuta palepale, dripu na sindano, akaandika amoksilini. Nikalipa 90,000, za vipimo na daktari.

Namwamini. Kaunta kila siku nasikia, "Nipe dawa kali, hiyo ya vidonge hainisaidii." Kwa hiyo bili hainenepeshwi na hospitali peke yake, sisi wagonjwa nasi tumo. Na mwenye bima ndiye haulizi kabisa: mama niliyekaa naye benchi alisaini fomu bila kuiangalia, wakati mfuko unalipa kwa kila kipimo na kila dawa, na mwisho wa siku ni michango yetu. Machi 2024 NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ilipoleta kitita kipya cha bei, baadhi ya hospitali binafsi ziligoma kupokea wanachama wake. Hospitali nazo zina hoja zao: dawa nyingi na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia maabara, vinatoka nje, vinanunuliwa kwa dola, na jenereta haliendi kwa maji.

Dirisha la dawa nalo lilikuwa na amoksilini ya kampuni moja tu ya Ulaya, 18,000. Ileile, nguvu ileile, ya kiwanda kingine kilichosajiliwa, tunaiuza 4,000. Nikaomba cheti cha dawa nikanunue nje, wakanipa bila maneno. Hiyo ni haki yako, usione aibu kuomba.

Nyota moja nimeikata kwa kile kifurushi, nyingine kwa sababu hakuna ubao wa bei popote. Unaijua gharama ukishafika kwa keshia. Jambo moja zuri sana: ukirudi ndani ya siku tatu hulipii tena kumwona daktari. Tulirudi, koo likaangaliwa upya, hatukudaiwa hata shilingi.

Mtoto akipumua kwa shida au akipata degedege usiku, kimbilia huko bila kusita, oksijeni ipo na wauguzi wanajua kazi. Kwa homa ya mchana anza na kituo cha afya cha serikali: malaria wanapima, na kwa sera mtoto wa chini ya miaka 5 hatakiwi kulipia.