Manila niliyouziwa kwa jina la kamba ya kupandia miti

Bei haikunisumbua. Kwa mita 45 za kamba nililipa laki mbili na ushee bila kubishana, kwa sababu kamba ya kumbeba mtu bei yake ndiyo hiyo, na mara nyingine inapita hapo. Kinachoniuma hadi leo ni neno moja tu: "kupandia".

Duka lenyewe liko hapa hapa Dodoma mjini. Wanauza chenso, mashine za majani, tupa, oili, glovu. Ukutani, juu ya marobota ya kamba, wamebandika karatasi yenye maandishi ya kalamu nene: KAMBA YA KUPANDIA MITI. Chini yake kuna kamba nyeupe yenye uzi mwekundu, milimita 12, imefumwa ganda lake vizuri na kufungwa ndani ya nailoni isiyofunguliwa. Kwa macho huwezi kuitofautisha na ya kweli. Ndani yake ni manila. Ni mali ile ile inayofunga turubai kwenye Fuso za mahindi zinazotoka Kibaigwa, ila hii imevalishwa nguo nzuri.

Siku ya kwanza kuitumia ilikuwa kwenye mwarobaini mmoja Area C, tawi limeulalia bati la nyumba. Kupanda kulikwenda vizuri. Kijana aliyekuwa juu, kama mita nane hivi, alipoanza kushuka kutoka tawi moja kwenda jingine, fundo likateleza mita nzima, likashika, likateleza tena, na ikatoka harufu ya mshumaa uliozimwa. Kilichomsalimisha ni kamba fupi ya kiunoni aliyokuwa ameizungusha kwenye shina. Kamba ilipofika chini, kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kinang'aa kimegandamana, kigumu kama mrija wa soda.

Muuzaji anapaswa kuelewa kwa nini inakuwa hivyo kabla hajabandika karatasi yoyote. Kamba ya mpandaji hupitishwa juu ya panda ya tawi nene, ncha moja ikafungwa kwenye mkanda wake, na upande wa pili ukashikwa na fundo la msuguano, la prusiki au ndugu zake. Anaposhuka, uzito wake wote pamoja na chenso inayoning'inia unabebwa na fundo hilo linaloteleza juu ya kamba. Msuguano huzaa joto, na joto hilo hukusanyika kwenye sentimita chache tu za uzi. Polipropilini, plastiki ambayo mtaani tunaiita manila, huyeyuka karibu nyuzi joto 165, na hulainika kabla ya kufika hapo. Nailoni huvuka 215. Poliesta hufika kama 250. Kiwango cha Ulaya cha kamba za kazi za juu, EN 1891, hakikubali uzi unaoyeyuka chini ya nyuzi joto 195. Manila haimo, hata ifumwe kwa ustadi gani, hata iwe nene kama mkono.

Ubaya wake ni kwamba si kila mara itajionyesha siku ya kwanza kama ilivyojionyesha kwetu. Ukishuka polepole, mara tano au kumi hutaona kitu. Itakusaliti siku unayolazimika kushuka haraka, na kila anayekata miti Dodoma anajua siku hiyo: umeutikisa mjohoro wa zamani, kumbe shina lina tundu, na nyuki wametoka. Hapo hakuna wa kushuka polepole. Fundo linapata joto pale pale ambapo huwezi kusimama kulipumzisha.

Kuna na jua. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi kizima mawingu ni haba. Jua huila polipropilini kuliko linavyoila poliesta. Baada ya muda ukiisugua kwa kidole inatoa unga mweupe na vinyweleo vinavyochoma. Duka hili linatundika robota la mfano barazani tangu asubuhi hadi jioni. Hilo robota la barazani nalo linauzwa.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Niliirudisha kamba pamoja na kile kipande kilichoungua. Kijana wa kaunta hakukishika hata kwa mkono. Alisema, mbele ya wateja wengine: "Fundi, kamba ni kamba. Wenzako wanapanda na manila miaka yote. Kama unaogopa, tafuta kazi nyingine."

Wenzangu wanapanda na manila, ni kweli. Wengine wanapanda na panga kiunoni na kamba ya katani, na wengine bila chochote. Wanajua hawana kitu cha kuwashika, kwa hiyo mkono mmoja hauachi tawi. Mtu aliyenunua kamba ya kupandia anaachia mikono yote miwili kwa sababu ameambiwa kamba itamshika. Hapo ndipo mauti yalipo, na huyo kijana alilisema neno lile huku anatafuna karanga.

Risiti ya EFD haikusaidia. Imeandikwa "vifaa mbalimbali". Hakuna neno kamba, hakuna urefu, hakuna unene. Ukinunua kitu cha kubeba uhai wa mtu, usitoke dukani kabla risiti haijataja jina la hicho kitu kama kilivyo kwenye karatasi ya ukutani. Hilo ni kosa langu na nalikubali.

Haki yake nimpe mama mwenye duka. Alitoka ndani, akasema, "Pole baba, hebu nione," akakishika kile kipande, akakinusa. Fedha hakurudisha. Alibadilisha kwa cheni tatu za chenso na boksi la tupa, na hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa, kwa sababu cheni zile ni nzuri kabisa. Unene wa meno ya chini ni milimita 1.3, umekaa sawasawa kwenye mfereji wa chenso ndogo ya kupandia, na chuma chake hakilegei. Tupa zao ni za kipimo cha kweli: milimita 4.0 kwa cheni ndogo, 4.8 kwa ile ya kipimo kiitwacho 325. Sehemu nyingine hapa mjini utapewa tupa moja uambiwe inanoa zote, halafu jino linachimbika vibaya na cheni inavuta upande mmoja hadi mkato unapinda. Kwa mwarobaini wenye vumbi la barabara kwenye gome, cheni hizi zinakwenda matanki mawili ya mafuta kabla ya kuguswa na tupa. Kwa cheni na tupa nitarudi kwao, sina namna ya kukataa.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msikanyage hapo. Nabadilisha: nendeni, ila kwa kamba nendeni na chupa ya maji iliyokatwa mdomo na kiberiti. Ombeni wakate sentimita tano za ncha. Izamisheni na kuikamua ndani ya maji mpaka mapovu yaishe, kwa sababu hewa iliyonaswa inaweza kuidanganya hata nailoni ikaelea kwa muda. Ikiendelea kuelea ni manila, kwani polipropilini ni nyepesi kuliko maji. Nailoni na poliesta huzama. Kisha ichomeni kidogo: manila inanuka mshumaa. Mwisho ipasueni ncha mtafute utepe mwembamba uliolala ndani kwa urefu wote wa kamba, wenye jina la mtengenezaji, mwaka, na maandishi EN 1891 A. Lebo ya karatasi iliyofungwa nje kwa mpira si ushahidi, inahamishika. Na hata mkiipata ya kweli, kama ni nailoni msiibebe kwenye kirikuu pamoja na betri. Tindikali inaila bila kuacha alama.

Akikataa kukata hizo sentimita tano, tokeni, hata kama cheni zake ni za dhahabu.

Mtu mmoja aliniambia kamba hii ingefaa walau kushushia matawi. Mwanzoni nilikubaliana naye, maana anayening'inia hapo ni tawi, si mtu. Nimefikiri tena na ninakataa. Anayeshusha tawi huzungusha kamba kwenye shina raundi mbili au tatu na kuiachia taratibu, na msuguano wa kwenye gome ni ule ule. Tawi la mjohoro la kilo 100 likianza kukimbia juu ya kamba inayoyeyuka, chini kuna bati, waya wa umeme, na mtu aliyeshika ncha.

Kwa hiyo alama zangu ni hizi: cheni na tupa, vizuri sana, mama mwenye duka, mstaarabu, kamba, sifuri, na kijana wa kaunta asiwekwe tena karibu na kitu chochote kinachobeba mtu. Nikisoma tena sentensi hiyo naona hata mama nimempa nyingi, kwa sababu alikinusa kile kipande, akatikisa kichwa, akaelewa.

Nimepita juzi kununua oili ya cheni. Robota lile jeupe lenye uzi mwekundu limepungua, karibu nusu yake imeshauzwa. Karatasi bado iko ukutani.