Uzoefu wangu: Hadithi fupi za Uskoti, sikio kwanza na jicho baadaye

Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikisoma hadithi fupi za Uskoti, nyingi kwenye simu yangu kupitia Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni yenye vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha. Naandika haya kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayetamani kuzijaribu lakini anaihofia lugha ya hadithi hizo, kwa sababu hofu hiyo nami nilikuwa nayo, na haikuwa ya bure.

Nilianza na Robert Louis Stevenson, mzaliwa wa Edinburgh, na hadithi yake "Thrawn Janet" ya mwaka 1881. Mwanzo wake ni Kiingereza cha kawaida, kinachomweleza mchungaji Murdoch Soulis, mzee mkali anayeishi peke yake, bila ndugu wala mtumishi, katika usharika wa Balweary. Kisha mwandishi anampisha mzee wa kijijini asimulie yaliyomkuta mchungaji huyo usiku mmoja wa Agosti 1712, naye mzee anasimulia kwa Kiskoti, lugha ya Uskoti iliyo ndugu ya Kiingereza, mpaka mwisho. Hapo nilikwama. Kila mstari ulikuwa na maneno matatu au manne nisiyoyajua, na kamusi ya simu haikunisaidia hata kidogo.

Kilichonikwamua ni kumkumbuka bibi yangu mzaa mama, mtu wa Makunduchi. Kimakunduchi nakisikia vizuri kwa kuwa nimekulia kwake, lakini ukiniandikia ukurasa mzima wa lahaja hiyo nitakunja uso kama mtu yeyote wa mjini, mpaka niusome kwa sauti na kuisikia sauti yake ndani yake. Nikaona kwamba huenda na mzee wa Balweary anataka kusikilizwa kabla ya kusomwa.

Basi nikaenda Tobar an Dualchais, hazina ya mtandaoni ya rekodi za masimulizi na nyimbo za Uskoti, ambayo ilifunguliwa mwaka 2010 na haitozi chochote. Jina hilo ni la Kigaeli, lugha nyingine ya Uskoti, na maana yake ni kisima cha urithi. Humo zimo rekodi za Chuo Kikuu cha Edinburgh, za BBC na za kisiwa cha Canna, na unaweza kutafuta kwa jina la msimulizi, kwa mahali au kwa aina ya masimulizi. Nilimtafuta Duncan Williamson, aliyezaliwa mwaka 1928 ndani ya hema kando ya Loch Fyne, katika jamii ya Wasafiri, watu waliozoea kuhama na hema zao na ambao hadithi zao zilirithishwa kwa mdomo. Jioni za kwanza niliambulia nusu tu ya maneno. Baada ya wiki mbili hivi nilikuwa nikijua mahali anapopunguza mwendo ili msikilizaji aogope, na hilo likanifaa kuliko kamusi yoyote.

Niliporudi kwa Janet niliisoma hadithi kwa sauti, mlango nimeufunga, na ikafunguka. Janet ni mwanamke ambaye wanakijiji wanamwita mchawi. Mchungaji anamwokoa mikononi mwa wanawake waliotaka kumtosa mtoni, na kesho yake Janet anaonekana shingo imempinda kama ya mtu aliyenyongwa. Kuna mahali mchungaji anaingia chumbani na mshumaa wake na kumkuta ananing'inia kwenye msumari mmoja, kwa uzi mmoja wa sufu wa kushonea soksi zilizotoboka. Uzi ule ndio ulionishtua, maana mzee anautaja kama mtu asiyeona haja ya kueleza kwamba uzi wa soksi hauwezi kubeba mwili wa mtu. Mke wa Stevenson aliandika kwamba mumewe alipomsomea hadithi hiyo kwa mara ya kwanza, walishuka ngazi wameshikana mikono kama watoto wenye hofu. Namwamini kabisa.

James Kelman wa Glasgow nilimnunua kwa muuzaji wa vitabu vilivyotumika, na kitabu kilifika kikiwa na kurasa zilizong'oka, jambo lililonisikitisha kwa sababu tangazo lilisema ni kizima. Hata hivyo nilipata "Acid", hadithi isiyojaza hata ukurasa mmoja. Kijana anatumbukia katika pipa la tindikali kiwandani, wenzake wanaganda kwa hofu, na mzee mmoja, ambaye ni babake, anapanda na mti mrefu, anamwomba radhi kwa jina lake, kisha anamzamisha. Hakuna sentensi inayotuambia tuhuzunike. Niliifunga simu na kitabu siku ile, sikusoma tena.

Kwa anayetaka Kiingereza kisicho na lahaja nzito, namshauri aanze na Leila Aboulela, Msudani aliyeishi Aberdeen, ambaye hadithi yake "The Museum" ndiyo iliyopata Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za waandishi wa Kiafrika, ya kwanza kabisa, mwaka 2000. Lakini mwenye subira aanze na rekodi.

Mimi nimeshaanza kuitafsiri "Thrawn Janet". Sehemu ya mwanzo nimeiweka katika Kiswahili sanifu, na mzee wa Balweary nimempa Kimakunduchi. Mama ananisahihisha kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, na tumefika pale Janet anapotokea asubuhi, shingo upande.