Kengele ya gesi ya makaa: uzoefu wangu Kabale

Hapa Kabale, milimani kusini-magharibi mwa Uganda, usiku wa Juni na Julai, baridi ndiyo inayoingiza sigiri ndani ya nyumba. Ndiyo maana nilinunua hiki kidude Kampala kwa shilingi laki moja na ushee. Ni cheupe, cha betri, kinaenea kiganjani, na mgongoni kimeandikwa EN 50291, yaani kiwango cha Ulaya cha kengele za gesi hii za nyumbani. Kama chako hakina maandishi hayo, mimi nisingekiamini.

Kinachosakwa ni kaboni monoksaidi, gesi inayotoka kwenye makaa yanayowaka: haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, unasikia kichefuchefu, unasinzia, na huenda usiamke.

Kilichonipendeza zaidi ni kioo cha namba, kinachoonyesha gesi ni sehemu ngapi kwa milioni ya hewa. Shangazi alikuja kutoka Bombo, baridi ikamshinda, akaingiza sigiri maharage yalipoiva. Nikamwomba aitoe.

"Mwanangu, makaa yameshashika. Moshi uko wapi?"

Kweli, yalikuwa mekundu, bila moshi hata kidogo. Tukakaa kukitazama kidude: 0, 34, 58, 90. Kengele ilipolia, shangazi alikuwa ameshafungua dirisha na sigiri iko uani.

Usitarajie ilie papo hapo, na usiirudishe dukani kwa sababu hiyo. Gesi ikiwa sehemu 50 kwa milioni, hulia baada ya saa moja hadi saa moja na nusu. 100, kati ya dakika 10 na 40. 300, ndani ya dakika 3. Chini ya 30 inaweza kunyamaza usiku kucha, kwa hiyo mwenye mtoto mchanga au mjamzito atazame namba, asingoje kelele.

Vitunguu vikiungua haishtuki. Mtungi wa gesi ya kupikia ukivuja pia haishtuki. Hiyo inataka kifaa kingine.

Kasoro: betri ikikaribia kuisha hulia "tii" usiku wa manane. Halafu kuna tarehe ya mwisho nyuma, maana kihisio, sehemu inayoitambua gesi, huchoka hata kikiwa kabatini. Changu kilikuwa kimeshakaa dukani muda mrefu. Geuza usome kabla ya kulipa.

Nyota nne. Nimekifunga ukutani upande wa kitanda, usawa wa kichwa cha aliyelala, mbali na pazia.