Mashine ya presha niliyonunua Darajani, baada ya miezi minane

Mashine hii niliinunua Darajani, Unguja, kwenye duka la vifaa vya hospitali, kwa Sh 95,000. Ni ile ya kufunga mkanda juu ya kiwiko. Napima asubuhi na jioni, kila siku, na huu ni mwezi wa nane tangu niinunue.

Nianze na siku yenyewe ya kununua. Kijana wa dukani alinifunga mkono wa kushoto, akabonyeza. Ikajaa upepo, ikashuka, ikajaa tena, mwisho ikaandika alama ya hitilafu. Akaniomba radhi, akafungua boksi jengine. Ikawa vile vile. "Dada, huu mzigo wote mbovu," akasema, uso umemshuka. Nikamwambia hapana kaka, hebu nifunge wa kulia. Ikatoka 164 kwa 98.

Mie nina ugonjwa wa Takayasu. Kinga ya mwili inaishambulia aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, pamoja na matawi yake. Kuta zinavimba, zinanenepa, njia ya damu inabana. Jina ni la daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, ambaye mwaka 1908 alieleza mishipa ya ajabu aliyoiona ndani ya macho ya mwanamke kijana. Huwapata zaidi wanawake, na mara nyingi huanza kabla ya miaka 40. Mie ulinianza na miaka 26. Mshipa wa mkono wangu wa kushoto umebana hata mapigo hayashikiki. Nikianika nguo, shuka ya pili tu mkono ushachoka: unakuwa mzito, vidole vinapoa, naushusha, nakaa kwenye kigoda mpaka damu irudi.

Na mkono huo huo ndio waliokuwa wakinipima kwenye kituo kimoja kwa karibu miaka miwili. Inasoma chini, naambiwa presha yangu ya kushuka, niongeze chumvi, ninywe supu. Nikaongeza. Kumbe mshipa wa figo nao umebana, na presha ya kweli iko juu siku zote hizo, kichwa kinaniuma mpaka natapika. Chumvi ile nikiikumbuka inaniuma hadi leo. Aliyegundua ni daktari mmoja aliyenishika mikono yote miwili kwa pamoja, vidole juu ya mapigo, akanyamaza, akashika tena. Kisha akanisikiliza shingoni na tumboni, maana damu ikipita mahali pembamba hutoa mvumo. Ndipo nikapandishwa boti kwenda Dar es Salaam kupigwa picha ya mishipa.

Sasa uzuri wa mashine. Ina vitufe vya watu wawili, kila mmoja na kumbukumbu yake. Mtu wa kwanza nimemfanya mkono wa kulia, wa pili wa kushoto. Kushoto ikikubali kusoma, nambari ya juu haizidi 90 na kitu. Dawa zangu hupangwa kwa wa kulia, lakini kila kliniki daktari huzipitia safu zote mbili. Tofauti ya zaidi ya 10 kwenye nambari ya juu kati ya mikono ni jambo la kuulizwa, na yangu inapita 60. Tena natumia prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo yenyewe huweza kupandisha presha na sukari na haiachwi ghafla, kwa hiyo kukaa mwezi mzima bila kupima siwezi. Nambari ni kubwa, mama anazisoma bila miwani. Inatumia betri, umeme ukikatika haina neno.

Ile ndogo ya kufunga kwenye kifundo cha mkono, niliyokuwa nayo mwanzo, sikushauri ukiwa na ugonjwa huu. Ukiupakata mkono vibaya kidogo tu, nambari inaruka. Na kama mikono yako yote miwili imebana, hata hii haitakufaa. Muulize daktari kuhusu kupimwa mguuni.

Kasoro ninayo moja kubwa. Mkanda ni wa saizi moja, na sehemu ya kubandikia imeanza kuachia tangu mwezi wa sita wa kuitumia; ikijaa upepo inafunguka, naanza upya. Nilirudi dukani kutafuta mkanda peke yake, hawana, wananiambia ninunue mashine nzima. Yule kijana ameandika namba yangu kwenye daftari, kasema ataulizia mzigo ukija. Nawaomba waagize mikanda, ya wembamba na ya wanene.